Namna ya Kutafuta Derivativu ya Fankisheni Yenye Thamani Kamili: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi akipewa f(x) = |x² − 4| na kuulizwa derivativu yake pale x = 2, kuna majibu matatu yasiyo sahihi ambayo hurudi kila mara. Wa kwanza hufuta mistari miwili ya wima kana kwamba haikuwapo, akapata 2x, kisha akaandika 4. Wa pili huona kwamba grafu inagusa mstari wa x na kugeuka hapo, akahitimisha kwamba mteremko lazima uwe sifuri. Wa tatu huchukua fomula aliyoikariri, akaweka 2 mahali pa x, akapata sifuri juu ya sifuri, akaacha nafasi wazi. Wote watatu wanazifahamu kanuni za derivativu. Kilichowakwamisha ni kuanza kukokotoa kabla ya kujiuliza fankisheni waliyopewa ni ipi hasa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao: wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na wa mwaka wa kwanza wa chuo, ambao mara nyingi hulisoma somo hili darasani kwa Kiingereza na kulijadili wao kwa wao kwa Kiswahili. Njia yote imejengwa juu ya jambo moja. Fankisheni yenye thamani kamili ni fankisheni mbili au zaidi za kawaida zilizoungwa pamoja. Kazi yetu ni kuzitenganisha, kutafuta derivativu ya kila kipande, kisha kukagua kiungo. Anayeruka kazi ya kutenganisha hukosea kwenye vipande; anayeruka ukaguzi hukosea kwenye kiungo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na penseli, ufutio, rula na karatasi ya grafu. Kikokotoo si lazima, ingawa kitafaa katika hatua ya mwisho kwa sharti nitakalolieleza huko.

Uwe pia unazimudu kanuni zifuatazo bila kufungua daftari:

- kanuni ya kipeo, yaani derivativu ya xⁿ ni nxⁿ⁻¹;
- kanuni ya zao, ya fankisheni mbili zinazozidishwa;
- kanuni ya mnyororo, ya fankisheni iliyo ndani ya nyingine;
- kutatua mlinganyo wa kwadratiki na kujua alama ya jibu, chanya au hasi.

Iwapo kutatua mlinganyo wa kwadratiki bado kunakusumbua, lishughulikie hilo kwanza, kwa sababu makosa mengi yanayoonekana kuwa ya derivativu huanzia huko.

## Maneno tutakayoyatumia

Derivativu ya fankisheni kwenye namba fulani ni mteremko wa grafu yake hapo. Kwa fankisheni f tutaiandika f′. Thamani kamili ya namba, inayoandikwa |a|, ni umbali wa namba hiyo kutoka sifuri kwenye mstari wa namba, na kwa kuwa umbali hauwi hasi, |5| ni 5 na |−5| ni 5 vilevile.

Kwa lugha ya kanuni, |a| ni a yenyewe ikiwa a ni sifuri au chanya, na ni −a ikiwa a ni hasi. Sehemu hii ya pili huwatisha wengi, kwa kuwa wanaona alama ya kutoa na kudhani jibu litakuwa hasi. Halitakuwa hasi, kwa sababu a yenyewe tayari ni hasi, na kubadilisha alama ya namba hasi huleta namba chanya.

Kila kilichomo kati ya mistari miwili ya wima tutakiita u. Katika |x² − 4|, u ni x² − 4.

## Hatua ya 1: Tafuta namba za mpaka

Chukua u peke yake, ilinganishe na sifuri, kisha tatua. Majibu utakayopata ndiyo namba za mpaka.

Kwa mfano wetu, x² − 4 = 0 huleta x = −2 na x = 2.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba u isiyokatika haiwezi kuhama kutoka hasi kwenda chanya bila kupita sifuri. Kati ya mpaka mmoja na unaofuata alama ya u haibadiliki, na mahali ambapo alama haibadiliki, mistari ya wima inaweza kuondolewa kwa usalama.

Tahadhari: usilinganishe fankisheni nzima na sifuri. Katika f(x) = x|x − 3| + 1, kinacholinganishwa na sifuri ni x − 3 peke yake, na mpaka ni mmoja tu, x = 3. Namba x iliyo nje ya mistari haina mpaka wowote wa kuleta.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha fupi ya namba, au ukiwa na hakika kwamba haipo hata moja. Hali hii ya pili ni njema sana. Katika |x² + 1|, u haiwi sifuri wala hasi, kwa hiyo mistari inaondoka na derivativu ni 2x kila mahali. Katika |−x² − 5|, u ni hasi siku zote, kwa hiyo fankisheni ni x² + 5 na derivativu ni 2x tena.

## Hatua ya 2: Pima alama ya u katika kila kipande

Chora mstari wa namba, weka namba za mpaka, kisha chagua namba moja rahisi katika kila kipande na uiweke ndani ya u.

Kwa x² − 4 tuna vipande vitatu. Kushoto kwa −2 tuchague −3, ambapo u ni 5, chanya. Kati ya −2 na 2 tuchague 0, ambapo u ni −4, hasi. Kulia kwa 2 tuchague 3, ambapo u ni 5, chanya.

Tahadhari: usidhani kwamba alama hubadilika kila unapovuka mpaka. Kwa u = (x − 1)², mpaka upo pale x = 1, lakini u ni chanya pande zote mbili. Kupima kila kipande huchukua nusu dakika, na kukisia kumewapotezea watu swali zima.

## Hatua ya 3: Andika fankisheni upya bila mistari ya wima

Mahali u ilipo chanya, ondoa mistari na uache u kama ilivyo. Mahali u ilipo hasi, ondoa mistari, weka u ndani ya mabano, na utangulize alama ya kutoa.

Kwa mfano wetu:

- x² − 4, ikiwa x ≤ −2;
- −(x² − 4), yaani 4 − x², ikiwa −2 < x < 2;
- x² − 4, ikiwa x ≥ 2.

Mabano si pambo. Anayeandika −x² − 4 badala ya −(x² − 4) amebadilisha alama ya kijenzi kimoja na kukisahau cha pili, na kosa hilo halionekani katika derivativu ya mfano huu kwa sababu derivativu ya 4 na ya −4 zote ni sifuri. Litajitokeza baadaye, utakapokagua kiungo na kukuta vipande viwili visivyokutana.

Ili kujua kama hatua hii imefaulu, weka namba ya mpaka katika vipande vyote viwili vinavyokutana hapo. Pale x = 2, kipande cha kati kinatoa 4 − 4 = 0 na cha kulia kinatoa 4 − 4 = 0. Vimekutana, tuendelee.

## Hatua ya 4: Tafuta derivativu ya kila kipande

Sasa kanuni za kawaida zinatosha. Kipande cha kushoto kinatoa 2x, cha kati −2x, cha kulia 2x:

- f′(x) = 2x, ikiwa x < −2;
- f′(x) = −2x, ikiwa −2 < x < 2;
- f′(x) = 2x, ikiwa x > 2.

Angalia vizuri alama za ukubwa. Katika Hatua ya 3 tuliandika ≤ na ≥. Hapa tumeandika < na > tupu. Badiliko hilo dogo ndilo moyo wa somo. Thamani ya fankisheni pale x = 2 inajulikana ukiwa na namba 2 peke yake, lakini mteremko hauwezi kujulikana kwa kuangalia nukta moja; unahitaji majirani wa kushoto na wa kulia. Pale x = 2 jirani wa kushoto anafuata kanuni moja na wa kulia anafuata nyingine, kwa hiyo hatuna haki ya kusema lolote kuhusu f′(2) mpaka tufanye ukaguzi.

Tunaweza hata hivyo kusema kuhusu namba zilizo ndani ya vipande. f′(1) ni −2, wala si 2 kama atakavyopata aliyefuta mistari. f′(3) ni 6.

## Hatua ya 5: Kagua kila namba ya mpaka

Hii ndiyo hatua inayoachwa zaidi kuliko zote, nami nitakaa hapa kwa muda.

Kwa kila namba ya mpaka, uliza maswali mawili kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: je, grafu inaungana hapo bila kukatika? Kama imekatika, derivativu haipo na ukaguzi umeisha.

Swali la pili: je, mteremko unaofikiwa kutoka kushoto ni sawa na unaofikiwa kutoka kulia? Kama ni sawa, derivativu ipo na ni hiyo namba. Kama si sawa, grafu ina kona na derivativu haipo.

Kwa f(x) = |x² − 4| pale x = 2, grafu imeungana. Kutoka kushoto, −2x inaikaribia −4. Kutoka kulia, 2x inaikaribia 4. Mteremko mmoja unashuka kwa nguvu na mwingine unapanda kwa nguvu ileile, kwa hiyo f′(2) haipo. Pale x = −2, kutoka kushoto 2x inaikaribia −4, na kutoka kulia −2x inaikaribia 4. Haipo vilevile.

"Haipo" ni jibu kamili, na linastahili alama zake likiandikwa na sababu. Sifuri ni namba. Kuandika 0 ni kudai kwamba grafu imelala kwa utulivu hapo, na kona hailali. Mstari wa mguso unaoshikamana na grafu kutoka upande mmoja unaiacha kabisa upande wa pili.

### Kwa nini swali la kwanza lisiachwe

Chukua g(x) = |x|/x. Kulia kwa sifuri ni 1, kushoto ni −1. Derivativu ya kila kipande ni 0, kwa hiyo miteremko ya pande mbili ni sawa, na aliyeruka swali la kwanza ataandika g′(0) = 0. Lakini grafu inaruka kutoka −1 hadi 1, tena g(0) yenyewe haina maana kwa sababu hatugawanyi kwa sifuri. Miteremko inayolingana haithibitishi kitu ikiwa vipande havikutani.

### Mpaka usio na kona

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili: wamefundishwa kwamba thamani kamili huleta kona, wakaiona kona kila penye mpaka. Tazama |x³|. Mpaka ni x = 0. Kulia tuna x³, ambayo derivativu yake ni 3x². Kushoto tuna −x³, ambayo derivativu yake ni −3x². Zote mbili zinaikaribia sifuri. Grafu haikatiki, miteremko inalingana, basi derivativu ipo na ni 0.

Kanuni inayotenganisha hali hizi mbili ni fupi. Kwa fankisheni ya umbo |u| peke yake, ikiwa u(a) = 0, mteremko wa kulia ni |u′(a)| na wa kushoto ni −|u′(a)|. Namba na kinyume chake huwa sawa pale tu namba hiyo inapokuwa sifuri. Kwa hiyo:

- ikiwa u′(a) si sifuri, pana kona, na derivativu haipo;
- ikiwa u′(a) ni sifuri, derivativu ipo na ni 0.

Kwa maneno ya kawaida, u inayovuka mstari wa x kwa mshazari hukunjwa na mistari ya wima na kuacha kona, lakini u inayofika pale ikiwa imekwisha kulala haina cha kukunjwa.

### Thamani kamili ikizidishwa na kitu kingine

Kanuni niliyoitaja ni ya |u| peke yake. Ikiwa fankisheni ni g(x)|x − a|, ambapo g ni fankisheni ya kawaida yenye derivativu, ukikagua pale x = a utapata mteremko wa kulia kuwa g(a) na wa kushoto kuwa −g(a). Derivativu ipo ikiwa g(a) = 0, na haipo ikiwa sivyo.

Jaribu kwa x|x − 3|. Kulia kwa 3 tuna x² − 3x, derivativu 2x − 3, inayofika 3. Kushoto tuna 3x − x², derivativu 3 − 2x, inayofika −3. Kona ipo, kama kanuni ilivyotabiri, kwa kuwa g(3) = 3.

Sasa jaribu x|x|. Hapa g(0) = 0. Kulia x² inatoa 2x, kushoto −x² inatoa −2x, zote zinafika 0. Derivativu ipo kila mahali, na yote inaandikika kwa mkato: 2|x|. Mfano huu naupenda kuliko mingine yote katika somo hili, kwa sababu unaonyesha fankisheni yenye mistari ya wima ambayo ni laini kabisa, na derivativu yake ndiyo yenye kona.

## Hatua ya 6: Tumia fomula fupi, ukijua mipaka yake

Wengi wanaitaka fomula hii mwanzoni. Nimeiweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa haina faida kwa asiyejua inaponyamaza.

|u| ni sawa na kipeuo cha pili cha u², yaani √(u²). Kwa kanuni ya mnyororo, derivativu ya √(u²) ni 2u·u′ gawanya kwa 2√(u²). Mbili zinafutana, na √(u²) inarudi kuwa |u|, kwa hiyo:

derivativu ya |u| = (u / |u|) · u′, ikiwa u si sifuri.

Sehemu u/|u| ni 1 mahali u ilipo chanya na −1 mahali ilipo hasi. Ni alama ya u tu, na fomula hii inarudia kwa mstari mmoja yale tuliyofanya katika Hatua ya 2 hadi ya 4.

Kwa mfano wetu pale x = 1: u = −3, |u| = 3, u′ = 2, jibu ni (−1)(2) = −2. Limelingana na la Hatua ya 4.

Tahadhari kubwa: pale u = 0 fomula inaleta sifuri juu ya sifuri. Hilo halimaanishi kwamba derivativu haipo, wala kwamba ni sifuri. Linamaanisha kwamba fomula haina neno la kusema hapo, na unapaswa kurudi Hatua ya 5. |x² − 4| na |x³| zote zinaleta sifuri juu ya sifuri kwenye mipaka yao, na majibu yao ni tofauti.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa namba

Chagua namba moja ndani ya kipande, songa kidogo, na ukokotoe mteremko kwa mkono. Pale x = 1, f(1) = 3 na f(1.001) = 2.997999. Tofauti ni −0.002001, gawanya kwa 0.001 upate −2.001, karibu kabisa na −2.

Kwenye mpaka, fanya hivyo mara mbili, kila upande kivyake. Pale x = 2, f(2) = 0 na f(2.001) = 0.004001, kwa hiyo mteremko wa kulia ni takriban 4.001. Upande wa kushoto, f(1.999) = 0.003999, na mteremko ni takriban −3.999. Namba mbili zinazopingana hivyo ndizo ushahidi wa kona.

Usikiachie kikokotoo uamuzi wa mpakani. Baadhi ya vikokotoo, TI-84 kikiwa kimojawapo, hukadiria derivativu kwa kuchukua nukta mbili zilizo umbali sawa kushoto na kulia, kisha kupima mteremko kati yake. Kwa |x| pale sifuri nukta hizo mbili zina kimo kilekile, na kikokotoo kinaandika 0 bila kusita. Kwa mfano wetu pale x = 2, hesabu hiyo ikitumia umbali wa 0.001 ni 0.004001 toa 0.003999, gawanya kwa 0.002, ambayo ni 0.001. Mashine imekokotoa ilichoagizwa, lakini haikuulizwa kama pande mbili zinakubaliana.

## Maumbo yanayowachanganya watu

### Mistari ya wima ndani au nje

|sin x| na sin|x| ni fankisheni mbili tofauti. Katika ya kwanza, u ni sin x, ambayo ni sifuri kila x inapokuwa 0, π, −π, 2π na kuendelea, na derivativu yake hapo si sifuri. Kwa hiyo kona ziko kwenye kila moja ya namba hizo. Katika ya pili, u ni x, mpaka ni mmoja tu pale 0: kulia derivativu ni cos x, kushoto ni −cos x, na zinafika 1 na −1. Kona ni moja.

cos|x| haina kona hata moja. Kosini ya −x ni sawa na kosini ya x, basi cos|x| ni cos x yenyewe na derivativu ni −sin x kila mahali. Vivyo hivyo |x|² ni x², na derivativu ni 2x bila masharti yoyote. Kabla ya kugawa vipande, tazama kama mistari ina kazi.

### Logariti ya thamani kamili

Kwa ln|x|, kulia kwa sifuri tuna ln x na derivativu 1/x. Kushoto tuna ln(−x), na kanuni ya mnyororo inatoa 1/(−x) mara −1, ambayo ni 1/x tena. Pande zote mbili zinakubaliana kwa fomula moja, na kwa ujumla derivativu ya ln|u| ni u′/u. Usiandike u′/|u|, kosa hilo hugeuza alama ya jibu lote upande ambao u ni hasi. Pale u = 0 logariti yenyewe haipo, kwa hiyo hakuna cha kukagua.

### Mistari ndani ya mistari

Kwa ||x| − 1|, anza na ya ndani. |x| inaleta mpaka 0. Kisha |x| − 1 = 0 inaleta −1 na 1. Vipande ni vinne, na miteremko yake kutoka kushoto kwenda kulia ni −1, 1, −1, 1. Kona ziko kwenye mipaka yote mitatu, na grafu ina umbo la herufi W.

### Jumla ya thamani kamili, na kosa linalogharimu zaidi

Vitongoji vitatu viko kando ya barabara iliyonyooka: cha kwanza kilomita 0, cha pili kilomita 2, cha tatu kilomita 9. Kioski kimoja cha maji kiwekwe wapi ili jumla ya umbali kutoka vitongoji vyote vitatu iwe ndogo kuliko zote?

Kioski kikiwa kilomita x, jumla ni S(x) = |x| + |x − 2| + |x − 9|. Mipaka ni 0, 2 na 9. Kila thamani kamili inachangia −1 kushoto kwa mpaka wake na 1 kulia, kwa hiyo derivativu ni:

- −3, ikiwa x < 0;
- −1, ikiwa 0 < x < 2;
- 1, ikiwa 2 < x < 9;
- 3, ikiwa x > 9.

Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha derivativu na sifuri atatafuta hapa na kukosa, kwa kuwa derivativu haiwi sifuri popote. Wengine huhitimisha kwamba swali halina jibu. Jibu lipo: jumla inashuka mpaka kilomita 2, kisha inapanda, kwa hiyo S ni ndogo kuliko zote pale x = 2, mahali ambapo derivativu haipo. S(2) = 2 + 0 + 7 = 9.

Wastani wa 0, 2 na 9 ni takriban 3.67, na ukiweka kioski hapo jumla inakuwa takriban kilomita 10.67. Mahali sahihi ni kwenye namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa, yaani medieni, wala si kwenye wastani. Tena kitongoji cha tatu kikisogea hadi kilomita 20, kioski kinabaki palepale. Kwa hiyo kila unapotafuta thamani ndogo au kubwa kabisa ya fankisheni yenye mistari ya wima, orodhesha namba ambazo derivativu yake ni sifuri pamoja na zile ambazo derivativu haipo.

Vitongoji vikiwa viwili hali ni nyingine. |x − 1| + |x + 2| ina mteremko −2 kushoto kwa −2, 0 kati ya −2 na 1, na 2 kulia kwa 1. Nukta yoyote kati ya viwili hivyo inatoa jumla ileile, 3.

## Mazoezi na majibu

Fanya kwa kalamu kabla ya kusoma majibu, na usiruke Hatua ya 5 hata mara moja.

1. Tafuta derivativu ya |5 − 2x|.
2. Tafuta derivativu ya x²|x − 1|, na useme kama ipo pale x = 1.
3. Je, |x³ − 3x²| ina derivativu pale x = 0? Pale x = 3?
4. Tafuta k ili (x² + kx − 6)|x − 2| iwe na derivativu pale x = 2.

Jibu la 1: mpaka ni 2.5. Derivativu ni −2 kushoto na 2 kulia, pale 2.5 haipo.

Jibu la 2: kulia kwa 1 ni 3x² − 2x, kushoto ni 2x − 3x². Pale x = 1 zinafika 1 na −1, kwa hiyo haipo. Pale x = 0 hapana mpaka, na derivativu ni 0.

Jibu la 3: u′ ni 3x² − 6x. Pale 0 ni sifuri, kwa hiyo derivativu ya |x³ − 3x²| ipo na ni 0. Pale 3 u′ ni 9, kwa hiyo miteremko ni −9 na 9, na derivativu haipo. Ukipima alama utaona pia kwamba u ni hasi pande zote mbili za sifuri. Aliyedhani kwamba kila mpaka hubadilisha alama atakuwa amekosea kipande kizima hapa.

Jibu la 4: kilicho nje ya mistari lazima kiwe sifuri pale x = 2, yaani 4 + 2k − 6 = 0, kwa hiyo k = 1. Fankisheni inakuwa (x + 3)(x − 2)|x − 2|, na derivativu yake pale x = 2 ni 0.